Mwerebi wa manyoya, chakula cha kwanza cha nyuki baada ya baridi

Watu wengi hapa Minnesota huchagua vichaka vya bustani mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni, wakati vitalu vimejaa maua na mtu anaweza kuzunguka nje bila koti. Mwerebi wa manyoya, ambao jina lake la kitaalamu ni Salix discolor, hauwezi kumvutia mnunuzi katika msimu huo, kwa kuwa wakati huo ni kichaka cha majani ya kijani tu, kisicho na ua wala harufu. Thamani yake iko katika majuma machache ya mwisho wa Machi na ya Aprili, wakati ardhi bado ina mabaka ya theluji na karibu kila mti mwingine umesimama mtupu. Nimeupanda nyuma ya nyumba yangu, katika viunga vya Saint Paul, kwa ajili ya majuma hayo, na kadiri ninavyoutunza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mtu akiyatanguliza, maswali mengine yote kuhusu mmea huu, yaani uwe wa jinsia gani, upandwe wapi na upogolewe lini, hupata majibu yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, ni kichaka chenye mashina mengi yanayotoka chini pamoja, ambacho kwa kawaida hufikia kimo cha mita 2 hadi 4.5, na kikiachwa bila kupogolewa huweza kuzidi hapo. Kila tumba katika tawi limefunikwa na gamba moja tu, ambalo limelivaa tumba lote mithili ya kofia ya kufuma. Jua la mwisho wa baridi linapoanza kuwa na nguvu, gamba hilo hupasuka na kudondoka, na ndani yake hutokeza kishada cha maua chenye urefu wa sentimita 2 hadi 5, kilichofunikwa na manyoya laini ya rangi ya fedha. Manyoya hayo hukikinga kishada na baridi na kuhifadhi joto la jua, na ndiyo sababu kinaweza kutoka nje wakati ambapo maji ndani ya ndoo bado yanaganda usiku. Majani huja baadaye. Yakikomaa huwa ya kijani upande wa juu na ya weupe wa kufifia upande wa chini, jambo ambalo husaidia kuutambua mmea huu katikati ya ndugu zake.

Hapa ndipo kwao. Mwerebi huu humea wenyewe kandokando ya mito, mabwawa na mitaro, kuanzia magharibi mwa Kanada hadi Newfoundland, na kushuka hadi majimbo ya kaskazini ya Marekani, na aliyeupa jina la kitaalamu ni mchungaji wa Kilutheri wa Lancaster, Pennsylvania, Gotthilf Heinrich Ernst Muhlenberg, ambaye alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Jamii ya mierebi yenyewe si ngeni kwa Waafrika Mashariki. Anayesoma Kitabu cha Mambo ya Walawi hukuta mierebi ya vijito ikitajwa pamoja na makuti ya mitende katika amri ya Sikukuu ya Vibanda, na kandokando ya mito ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania upo mwerebi wa kwetu, Salix subserrata.

Sasa nirudi kwenye Aprili. Malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya, wa jenasi Bombus, hupita majira yote ya baridi wakiwa peke yao chini ya udongo, na wanapotoka hawana kundi la kuwasaidia wala akiba ya asali. Kila malkia hutakiwa atafute shimo, ajenge, atage, na ayapashe joto mayai yake kwa mwili wake mwenyewe, na kazi yote hiyo huhitaji nekta ya kumpa nguvu na chavua ya kulisha watoto. Akikosa chakula katika siku hizo, kundi lote ambalo lingezaliwa kutoka kwake halizaliwi. Miti mirefu ya mitaani ambayo huchanua mapema kama mwerebi, mingi yake hutegemea zaidi upepo, na maua ya manjano ya nyasini yanakuwa bado hayajatokeza. Mwerebi huchanua katika pengo hilo hasa. Wapo pia nyuki wadogo wa jenasi Andrena, wanaochimba vishimo katika udongo mkavu, na baadhi ya spishi zao huwalisha watoto wao chavua ya mierebi pekee, kiasi kwamba mahali pasipo na mwerebi, wao pia hawapo.

Jambo hili linaligusa jimbo letu kwa namna ya pekee. Bombus affinis, nyuki mwenye baka la rangi ya kutu mgongoni, aliwekwa mwaka 2017 katika orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, na mwaka 2019 Minnesota ikamtangaza kuwa nyuki rasmi wa jimbo. Bado anaonekana katika bustani za Minneapolis na Saint Paul, tena bustani za kawaida za watu wa kawaida, jambo linalonipa matumaini makubwa. Malkia wake ni miongoni mwa wanaotoka mapema. Kwa hiyo mtu mwenye uwanja mdogo mjini, ambaye angedhani kwamba uhifadhi wa viumbe ni kazi ya mbuga na wizara, anaweza kufanya jambo la maana kwa kupanda kichaka kimoja. Jimbo lenyewe lina mpango uitwao Lawns to Legumes, ulioanza mwaka 2019 chini ya Bodi ya Rasilimali za Maji na Udongo, ambao huwarudishia wakazi waliochaguliwa sehemu ya gharama za kupanda mimea ya asili kwa ajili ya wachavushaji, na vichaka vya asili vimo.

Swali la jinsia ndilo ambalo wauzaji wengi hawaligusi, nami naona ni la kwanza. Mierebi ina miti dume na miti jike, kila mmoja peke yake. Vishada vya dume, manyoya yake ya fedha yakishafunguka, hutoa stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, nyingi zenye chavua ya manjano, na kichaka kizima hubadilika rangi kwa siku kadhaa. Vishada vya jike hubaki vya kijani na kijivu, kisha hurefuka na kutoa mbegu zenye pamba ambazo hupeperuka mwezi wa Mei na Juni. Jinsia zote mbili zina tezi za nekta, kwa hiyo jike si bure kwa nyuki, lakini chavua hutoka kwa dume tu, na chavua ndiyo chakula cha watoto. Mwenye nafasi ya kichaka kimoja apande dume. Mwenye nafasi ya viwili, na asiyechukizwa na pamba inayoruka, apande na jike, kwa maana ndege na wadudu wengine watafaidika. Katika kitalu, njia ya uhakika ni kuutazama mmea wenyewe ukiwa umechanua, au kununua kwa muuzaji anayejua vipandikizi vyake vilitoka kwa mama wa jinsia gani.

Ipo pia hatari ya kununua spishi nyingine kwa jina hilohilo. Mingi ya miche inayouzwa kama mwerebi wa manyoya ni Salix caprea, mwerebi wa Ulaya na Asia ya magharibi, ambao hukua hadi kuwa mti kamili wa mita 8 au 10, na ambao upande wa chini wa majani yake una manyoya ya kijivu msimu wote wa majani. Ule mdogo wenye matawi yanayoinama hadi chini, uliounganishwa juu ya shina lililonyooka, ni aina ya caprea pia, iitwayo 'Kilmarnock'. Kutoka Asia ya mashariki upo Salix gracilistyla 'Melanostachys', wenye vishada vyeusi kabisa na vifuko vyekundu vya chavua, na sikatai kwamba ni mzuri wa ajabu. Hata hivyo, kwa bustani ya Minnesota mimi huchagua discolor bila kusita, kwa sababu wadudu wa hapa wamekua pamoja nao tangu zamani, na kwa sababu baridi ya hapa haiuui. Unaponunua, uliza pia kama mche umetibiwa kwa dawa ya wadudu inayosambaa ndani ya mmea wote, kwa kuwa dawa ya namna hiyo hufika hadi kwenye chavua.

Kuhusu mahali, mwerebi huu huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku, na udongo usiokauka. Udongo wa mfinyanzi unaotuama maji, ambao huua vichaka vingi, kwake ni nyumbani. Pale pembeni mwa uwanja ambapo maji ya theluji iliyoyeyuka hukusanyika mwezi wa Aprili, au pale bomba linalotoa maji ya mvua kutoka paani linapomwaga, ndipo mahali pake. Lakini mizizi ya mierebi huyafuata maji popote yalipo, na bomba la zamani la majitaka lenye ufa mdogo huwa mwaliko kwake. Nashauri uache mita 10 au zaidi kati ya mwerebi na bomba la majitaka, karo, kisima au msingi wa nyumba. Kabla ya kuchimba, piga simu namba 811, ambayo ni ya bure kote Marekani, ili mafundi waje kuweka alama mahali nyaya na mabomba ya huduma za umma yanapopita. Alama hizo kwa kawaida haziwekwi kwenye mabomba ambayo ni mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo njia ya bomba lako la majitaka itafute katika ramani ya nyumba yako.

Kupanda kwenyewe hakuna ugumu, na kununua mche si lazima. Tawi la mwerebi limebeba ndani ya gome lake chanzo cha mizizi kilichokwisha kujitengeneza, kinachosubiri unyevu tu. Mwezi wa Machi, kabla matumba hayajaanza kuvimba, kata matawi ya mwaka uliopita yenye unene wa penseli, uyagawe katika vipande vya sentimita 20 hadi 30, na ukate ncha ya chini kwa mkato ulionyooka na ya juu kwa mshazari ili usije ukasahau upande upi ni wa juu. Ardhi ikishalainika, vichomeke ndani yake hadi theluthi mbili ziwe zimefukiwa, kisha umwagilie majira yote ya joto bila kuacha pakauke, na uweke matandazo ya vipande vya mbao kuzunguka, yasiguse shina. Kwa kawaida vishada vya kwanza huonekana katika majira ya kuchipua ya pili au ya tatu. Kipandikizi hufuata jinsia ya mama yake daima, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko mbegu. Mbegu za mwerebi zenyewe hupoteza uhai katika muda mfupi sana baada ya kudondoka, kwa hiyo karibu hakuna anayezitumia bustanini.

Kupogoa kunahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo nia njema huharibu mambo. Matumba ya maua ya mwaka ujao hutengenezwa wakati wa joto, juu ya machipukizi yaliyokua msimu huohuo. Kwa sababu hiyo, mtu anayepogoa Oktoba ili kusafisha bustani kabla ya baridi huwa anakata chakula cha nyuki wa Aprili na kukitupa. Wakati sahihi ni mara tu vishada vinaponyauka, kabla majani hayajafunguka yote, na kuanzia hapo kichaka huwa na msimu mzima wa kuotesha machipukizi mapya na kuyajaza matumba. Wakulima wanaouza matawi kwa maduka ya maua hukata kichaka chote karibu na ardhi, nacho huotesha fimbo ndefu zilizonyooka. Mwerebi huvumilia jambo hilo bila shida. Mimi sifanyi hivyo. Kila mwaka naondoa theluthi moja ya mashina, nikianzia yale manene na ya zamani, ambayo vishada vyake vimekuwa vidogo na gome lake limeanza kupata vidonda vya ukungu, na kuyaacha mengine yasimame. Kichaka hakizidi kimo cha mikono yangu na mkasi, na hapatokei mwaka ambao viwavi hawana majani ya kula.

Viwavi hao nawataka, na naomba nieleweke hapo. Kipepeo wa kahawia nyeusi mwenye ukingo wa rangi ya malai, Nymphalis antiopa, hukaa chini ya magome ya miti majira yote ya baridi akiwa mzima, na huruka siku za kwanza zenye joto. Hutaga kwenye mierebi, na viwavi wake weusi wenye madoa mekundu hula kwa makundi hadi tawi zima hubaki tupu. Kichaka chenye afya huotesha majani mengine. Kiwavi wa Limenitis archippus, kipepeo anayefanana sana na yule maarufu wa rangi ya chungwa anayehamia Mexico, hujiviringisha ndani ya kipande cha jani la mwerebi na kulala humo baridi yote. Kwa ajili yake siyachumi majani makavu yaliyong'ang'ania matawini. Kuna pia inzi mdogo ambaye husababisha ncha za matawi zivimbe na kuwa na sura ya koni ya msonobari. Wageni huniuliza kama ni ugonjwa, lakini hauna madhara yanayohitaji tiba.

Wanaostahili kuzuiwa ni wachache. Sungura hutafuna gome la mashina machanga wakati wa baridi na wanaweza kuua mche kabisa, kwa hiyo uzungushie wavu wa waya, na ukumbuke kupima kimo cha wavu kuanzia juu ya theluji, kwa maana sungura husimama juu ya theluji iliyolundikana na kuufikia mti mahali ambapo mwezi wa Oktoba hangefika. Kulungu hula machipukizi. Mbawakawa wa Kijapani, Popillia japonica, huja Julai na kutoboa majani hadi yakabaki mishipa mitupu, na dawa yake ni kwenda asubuhi, wakiwa bado wazito kwa ubaridi, na kuwaangusha ndani ya ndoo ya maji ya sabuni. Usimwage kwenye mizizi ile dawa inayosambaa ndani ya mmea. Inaweza kubaki ndani ya kichaka kwa miezi mingi, na malkia wa Aprili atainywa.

Wapo wanaoupanda kwa ajili ya matawi ya kuweka ndani ya nyumba, na naliona hilo kuwa jambo jema likifanywa kwa kiasi. Kata mwishoni mwa Januari au Februari, siku ambayo jua limepanda kidogo, baada ya matumba kupata majuma ya kutosha ya baridi, kwa sababu tawi lililokatwa Novemba halifunguki vizuri. Weka katika maji ya uvuguvugu na uyabadilishe mara kwa mara. Ukitaka vishada vibaki na rangi ya fedha, viondoe majini kabla ya chavua kutokeza, navyo vitakauka na kukaa hivyo muda mrefu sana. Ukiviacha majini vitamwaga chavua mezani, na chini ya maji utaona mizizi.

Katika makanisa ya Wapolandi na Waukraine ya Northeast Minneapolis, matawi hayo yana kazi nyingine. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kuandamana Jumapili ya Matawi tukiwa na makuti mikononi, ya mkindu, ya mnazi au ya mtende, kila mahali kwa kadiri ya kilichopo. Katika nchi za Ulaya ya mashariki, ambako mtende haumei, waumini walichukua mmea ambao ndio kwanza unaonyesha uhai wakati huo wa mwaka, na Waukraine huiita siku hiyo Jumapili ya Mierebi. Matawi hubarikiwa, hupelekwa nyumbani, na watu hugusana nayo mabegani kwa wepesi wakitakiana afya. Huko Poland ilikuwa desturi kumeza kishada kimoja kilichobarikiwa ili koo lisiume mwaka mzima. Nilipoliona kanisa limejaa matawi ya fedha kwa mara ya kwanza sikujihisi mgeni hata kidogo.

Kaka mmoja wa Arusha aliniuliza kwa simu, "Dada, nikikuomba vipandikizi viwili nivipeleke nyumbani, vitakubali?" Nilimjibu kwamba sheria za afya ya mimea zinahitaji kibali kabla ya kuingiza mmea wowote, tena kwa sababu nzuri, na kwamba hata kibali kikipatikana, mmea huu umeumbwa kwa mahali penye miezi ya kuganda. Bila baridi hiyo, matumba yake hayapati ishara ya kuamka pamoja, na kile ambacho angekuwa amekifuata, yaani vishada vya fedha kwenye matawi matupu, asingekiona. Kwa mteremko wa Meru nilimshauri atafute mti wa asili wa kandokando ya mto wake, wenye kuwafaa nyuki wa huko.

Kwa walio hapa Minnesota hali ni tofauti kabisa. Kila Machi, kabla matumba hayajavimba, huwa nakata vipande vichache kutoka kwenye mashina ambayo kwa vyovyote nitayaondoa baada ya maua, navyo hufungwa katika mafungu mawili, dume kwa utepe wa manjano na jike kwa utepe wa kijani, vikiwa vimefunikwa kwa gazeti lililoloweshwa. Anayevichukua huwa namwomba anieleze kwanza uwanja wake una maji upande gani na bomba la majitaka linapita wapi, kisha ndipo tunapoamua pamoja atachimba wapi ardhi ikishayeyuka.